Mwenyekiti mpya wa jumuiya: namna ya kuwarudisha watu pamoja

Jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo iliyopoa utaijua kwa barua. Mtu hujamtia machoni tangu Pasaka, halafu Jumatano usiku anabisha hodi: mtoto anabatizwa Jumapili, na parokiani wamemwambia alete barua ya utambulisho kutoka jumuiya yake. Mwingine utamwona akiwa amefiwa. Kati ya barua na msiba, kimya. Jumamosi wanakuja wale wale saba, wanasali, wanasomewa matangazo ya michango, wanatawanyika.

Ukichaguliwa kuongoza jumuiya ya namna hiyo, kishawishi cha kwanza ni kuwahubiria watu umoja. Hao waliobaki majumbani Zaburi ya 133 wanaijua kwa moyo. Walichokimbia ni kingine: kusomewa madeni hadharani, zamu ya kupokea jumuiya wasiyoimudu, ugomvi wa miaka uliofunikwafunikwa, na saa ya sala inayogongana na saa ya kutafuta riziki. Yote hayo yana dawa, na sehemu kubwa ya dawa hiyo ni utaratibu.

Ninaandika nikizifikiria jumuiya za Kikatoliki za mijini Tanzania. Walutheri na Waanglikana wanaosali kwa jumuiya za mitaani watabadilisha vyeo tu, mengine watayatambua.

Kumbuka pia jumuiya hizi zilianzishwa za nini. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizijadili Nairobi mwaka 1973, na 1976 wakakutana tena kuzungumzia namna ya kuzijenga. Walitaka Kanisa likae mtaani, kwa watu wachache wanaojuana kwa majina, wanaosoma Neno pamoja na kubebana shida. Hiyo ndiyo kazi uliyochaguliwa kuifanya. Kukusanya zaka kumo ndani yake, lakini si kazi yenyewe.

1. Tembea kabla hujaitisha kikao

Wenyeviti wengi huanza na kikao cha dharura. Wanaohudhuria ni wale wale saba, na wanachofanya ni kuwasema wasiokuwepo. Wewe anza na miguu. Omba orodha ya kaya kwa katibu aliyepita, kisha pita nyumba kwa nyumba, ukiwa na mtu mmoja tu ambaye si rafiki yako wa karibu wala wa kabila lako. Watu wakimwona mwenyekiti mpya anatembea na kikundi chake, wameshaisoma jumuiya itakavyokuwa.

Usibebe kitabu cha stakabadhi. Hili nalisisitiza kwa sababu katika mitaa mingi kiongozi wa jumuiya akionekana getini, watoto hutumwa kusema baba hayupo. Ukija mikono mitupu mara ya kwanza, mara ya pili utafunguliwa.

Maneno ya mlangoni yawe machache:

“Tumsifu Yesu Kristo.”
“Milele na milele. Amina. Karibuni, karibuni ndani.”
“Asante mama, hatukai sana. Tumekuja kukusalimia tu. Sisi ndio tuliopewa jumuiya sasa, tukasema tusianze bila kuwajulia hali. Mzee anaendeleaje na ule mguu?”

Kisha nyamaza. Ukiuliza “mbona hamji jumuiya?” utajibiwa “tutakuja”, na hapo mazungumzo yamekufa. Ukiuliza mguu, utaambiwa habari ya mguu, na katikati yake litatoka lile la kweli: kwamba alipolazwa hakuna aliyekuja kumwona, au kwamba katibu wa zamani alimjibu vibaya siku ya kipaimara ya mjukuu.

Jioni ile ile, andika kwenye daftari lako: majina ya waliomo ndani ya nyumba, simu, nani mgonjwa, nani hawezi kutembea, nani anafanya kazi ya zamu (mlinzi, muuguzi, dereva wa bodaboda, mama lishe), nani ndoa yake ni ya mseto (wenzi wa makanisa au dini tofauti). Usiandike anadaiwa nini. Daftari la shida na daftari la michango yasilale pamoja, na la shida lisisomwe na mtu mwingine ila kwa ruhusa ya mwenyewe.

2. Saa, mahali, na ile chai

Jumamosi alfajiri imezoeleka sana Dar es Salaam, na kwa mwajiriwa wa ofisini inafaa. Lakini hesabu upya kwa kutumia daftari lako. Mama anayekaanga maandazi hawezi kuja saa 12:30 asubuhi. Hiyo ndiyo saa yake ya mauzo. Mlinzi ndiyo kwanza anatoka lindoni. Kama theluthi ya kaya zako ni watu wa namna hiyo, fanyeni Jumamosi mbili asubuhi na mbili jioni, au mgawane makundi mawili yanayokutana pamoja mara moja kwa mwezi. Mweleze paroko au katekista kabla ya kubadili, maana kanda, yaani kundi la jumuiya za jirani parokiani, huwa na ratiba yake, na ukibadili kimyakimya utaitwa mkaidi.

Sasa chai. Jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba, jambo zuri, kwa kuwa nyumba zote zinakuwa za Kanisa. Linaloharibu ni ushindani. Wiki hii nyumba ya geti jeusi: viti vya kukodi, chapati, mayai, juisi. Wiki ijayo zamu ni ya dada anayepanga chumba kimoja mwisho wa korido, mlango wa pazia, kitanda na jiko la mafuta humo humo. Siku tatu kabla anatuma ujumbe kwa katibu: “Samahani, zamu yangu naomba muiruke, nimepata safari.” Hana safari yoyote. Mara ya tatu ataacha kuja kabisa, na mtasema amepoa kiimani.

Paulo alilikuta jambo hili Korintho. Ukisoma sura ya 11 ya barua ya kwanza utaona watu wanakusanyika kwa meza ya Bwana, huyu ameshiba na kulewa, huyu ana njaa, na asiye na kitu anatahayarishwa. Agizo lake lilikuwa la vitendo: mngojane, na mwenye njaa ale nyumbani kwake. Nanyi pitisheni azimio, kwa kura kabisa, kwamba siku ya jumuiya hakuna kuandaa chochote, na maji ya kunywa kila mtu aje na yake. Azimio liwabane wenye uwezo kwanza. Anayeandaa “kidogo tu” baada ya hapo aambiwe kwa upole, lakini aambiwe. Mkitaka kula pamoja, na ni vizuri mle, wekeni siku ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wake, kila mtu alete alichonacho, kipakuliwe kutoka sufuria moja bila kutangaza nani kaleta nini.

Kwa wenye chumba kimoja, salini uani au barazani. Meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, Biblia. Hivyo vitu vikae kwenye mfuko wa jumuiya unaohama kutoka nyumba hadi nyumba, ili asiwepo wa kuazima kitambaa kwa jirani. Mkeka unatosha. Mwenye mgongo mbovu ataletewa kiti.

3. Neno lisomwe na wengi

Mnayo tayari njia ya Hatua Saba, iliyoenea kutoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyokugusa, kimya, kushirikishana, kujadili la kutenda, kusali. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba hatua ya tano inamezwa na mzee mmoja anayehubiri dakika ishirini, na ya sita inarukwa kwa sababu muda umekwisha.

Mhubiri mzuie kwa kanuni, usimzuie kwa uso. Kabla ya kuanza sema: “Leo kila mmoja sentensi mbili au tatu, aanze na ‘mimi’.” Akiendelea, mwongozaji amshukuru na kumtaja anayefuata kwa jina. Uongozaji uzunguke: wiki hii mama, wiki ijayo kijana wa kidato cha tatu, wiki nyingine yule baba asiyesema kitu. Asiyejua kusoma naye anaweza kuongoza, atamteua msomaji.

Hatua ya sita ndiyo inayoleta ushirika. Iwe na jina la mtu, siku na watekelezaji wawili. “Tuwakumbuke wagonjwa” haimgusi mtu. “Bibi wa nyumba ya kona ametoka hospitali; nani na nani wanakwenda Jumatatu, na nani atamchotea maji wiki hii?” hiyo inatosha. Jumamosi inayofuata, kabla ya wimbo wa mwanzo, waliotumwa watoe taarifa kwa dakika moja. Mkifanya hivyo mfululizo mtaona mtu ambaye hajazungumza mwaka mzima anainua mkono, kwa sababu kuchota maji hakuhitaji ufasaha.

Zaidi ya kaya thelathini hivi njia hii haifanyi kazi. Watu wanageuka wasikilizaji. Muombeni paroko mgawanywe, na mgawanyo ufuate vichochoro, usifuate urafiki.

4. Fedha

Hapa ndipo jumuiya nyingi zinavunjikia. Kuna zaka, kuna mavuno, kuna ujenzi wa kanisa, kuna mchango wa kanda, zawadi ya upadrisho, harusi ya mtoto wa fulani, rambirambi. Kila kimoja kina sababu yake. Vikimwangukia mtu mmoja mwezi mmoja, anaikimbia jumuiya kama anavyomkimbia mwenye duka anayemdai.

Kwanza, tenga siku ya fedha. Jumamosi tatu za mwezi zisitajwe fedha kabisa, hata kwa tangazo. Ya nne, baada ya sala na matangazo mengine kwisha, mhazini asome mapato na matumizi. Asome jumla. Majina ya waliotoa na wasiotoa yasisomwe. Najua kuna viongozi watakaosema bila kusoma majina watu hawatoi. Watatoa kidogo mwanzoni, ni kweli. Lakini aibu huleta mchango wa mwezi mmoja, na mwezi wa pili humwoni mtu wala mchango.

Pili, fedha isikae kwenye simu ya mtu mmoja. Wengi hutuma kwa namba ya mhazini, inachanganyika na ada ya mtoto wake na luku yake, na mwisho wa mwaka hata yeye hajui ipi ya nani. Nunueni laini ya jumuiya, isajiliwe kwa utaratibu wa kikundi kama mtandao wenu unaruhusu, namba ya siri ijulikane na mmoja na simu yenyewe itunzwe na mwingine. Kila mwezi taarifa iandikwe karatasi moja, isainiwe na mhazini na mjumbe asiye kiongozi, ipigwe picha na kutumwa kwa wote.

Tatu, VICOBA na upatu visiwe shughuli ya jumuiya. Wanajumuiya wakitaka kukopeshana, heri, waunde kikundi chao chenye katiba, siku yake na mahali pake. Mtu akishindwa rejesho, asijikute anaogopa kuja kusali kwa sababu mdai wake ndiye anayeongoza rozari.

Nne, weka mlango wa pembeni kwa asiye nacho. Mtu anayejulikana kwa usiri, mara nyingi mama mtu mzima mwenye kifua, aambiwe na mwenye shida: “Mwezi huu sina.” Mama huyo anamwambia mhazini neno moja tu, “ameshaeleza”, na habari inaishia hapo.

Na nani awe mhazini? Soma Matendo sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu, lililokuwa na moyo mmoja na roho moja sura mbili tu nyuma, linaingia kwenye manung’uniko kuhusu mgawo: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wanung’unikaji wapunguze midomo. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, na majina yote saba, kuanzia Stefano na Filipo, ni ya Kiyunani. Kwa macho yangu, wasimamizi wa mgawo walitoka upande wa waliokuwa wanalalamika. Basi mtafute yule anayelalamika kila mara kuhusu hesabu, kama ni mwaminifu, mpe daftari.

5. Barua na msiba

Barua ya utambulisho ni karatasi ndogo inayoweza kumlewesha mtu. Mwenyekiti mmoja anayesema “siandiki mpaka umalize ujenzi” anafuta kazi ya miezi. Weka utaratibu: barua inaandikwa na katibu, inasainiwa na mwenyekiti, na inasema ukweli. Kama mtu hahudhurii, iandikwe kwamba hahudhurii, na atakayeamua ni paroko, ambaye ana sheria za Kanisa mkononi. Wewe si hakimu wa ubatizo wa mtoto mchanga. Na mwenye barua asiondoke na karatasi tu. Mwambie Jumamosi ijayo tunasalia wapi, mpe mtu wa kumpitia.

Msiba ni tofauti, usisubiri utaratibu. Ukisikia, nenda, hata kama marehemu hakuonekana kwa miaka. Mambo ya kama padre atazika au la, kama sakramenti zilikuwa sawa, yapeleke parokiani kimya kimya na usiyajadili kwenye turubai. Kinachoangaliwa mtaani, na Waislamu jirani wakiwemo, ni kama wenzake wa sala walikuja kukesha.

Rambirambi ya jumuiya iwe kiasi kimoja kwa wote, kimeandikwa, kinatolewa siku ya kwanza. Anayetaka kumwongezea bosi wake atoe mfukoni mwake, kwa bahasha yake.

6. Ugomvi

Utaukuta. Mara nyingi ni wa kale: mpaka wa kiwanja, maneno ya WAWATA (umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania), mtoto wa huyu kumpa mimba binti wa yule. Jumuiya hujifunza kuishi nao kwa kuwakalisha mbali, na kila zamu ya sala inapofika kwa mmoja, nusu ya watu hawaji.

Fuata Mathayo 18:15-17 kwa mpangilio wake, kwanza wawili wenyewe, kisha mashahidi wachache, kisha Kanisa. Sisi huanzia mwisho. Nenda kwa kila mmoja peke yake, sikiliza bila kutikisa kichwa kukubali, na usibebe maneno. Sentensi inayosaidia: “Mama, hayo uliyoniambia uko tayari kumwambia mwenyewe nikiwepo?” Kama yuko tayari, wakutanishe nyumba ya mtu wa tatu, mchana, bila watazamaji. Kama hayuko tayari, rudi mwezi ujao. Paulo aliwasihi Euodia na Sintike, kila mmoja kwa jina lake, kisha akamwomba mwenzake mmoja awasaidie. Hakutaja kosa lilikuwa la nani.

Kwenye kundi la WhatsApp wekeni sheria fupi: matangazo, maombi, misiba. Ugomvi ukianza, mwongozaji wa kundi alifunge kwa usiku huo, kisha awapigie simu wahusika. Kuandika “tuvumiliane wapendwa” chini ya matusi hakujawahi kumtuliza mtu.

Kuna yasiyosuluhishwa na jumuiya. Mke anapigwa, mtoto ameguswa, kuna kitisho cha kuua: hayo ni ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na ya hospitali, siku hiyo hiyo, halafu ndipo paroko ajulishwe. Kumshawishi mama arudi nyumbani “kwa ajili ya umoja” ni kumtia hatarini, na ukimshawishi wewe, damu iko juu yako.

7. Wapangaji, vijana, na wa makanisa mengine

Wapangaji huhesabiwa wapita njia. Mpe mpangaji mpya kazi mwezi wa kwanza, hata kuanzisha nyimbo, kabla hajaanza kusali peke yake. Matangazo na sala vibaki Kiswahili. Vikundi vya watu wa nyumbani kunong’onezana kilugha baada ya sala huwafanya wengine wajione wageni.

Vijana hawatakuja kupanga viti vya wazee. Wape laini ya jumuiya waitunze pamoja na mhazini, wape Hatua Saba waongoze, na wazee wakubali kukosolewa matamshi ya kizamani.

Mume Mlutheri aliyeoa kwenu akaribishwe kusoma na kusali, asishinikizwe. Wiki ya kuombea umoja wa Wakristo, tarehe 18 hadi 25 Januari, ni nafasi nzuri ya kukutana na jumuiya ya Kilutheri ya mtaa huo huo kwa jioni moja; mweleze paroko, mkubaliane wimbo mnaoujua wote, na ziara kwa mgonjwa mmoja wa kila upande.

8. Kukabidhi

Mhula ukiisha, usipeleke mifuko na madaftari kwa mtoto getini. Itisha Jumamosi ya kawaida, baada ya sala. Mezani viwepo daftari la mahudhurio, taarifa za fedha zote za miezi, simu na laini, muhuri, mfuko wa msalaba na kitambaa. Mhazini mpya ahesabu fedha mbele ya watu, aandike kiasi, asaini na wa zamani asaini, namba ya siri ibadilishwe hapo hapo. Daftari la shida za watu ulipitie na mwenyekiti mpya mkiwa wawili; yale uliyoambiwa kwa siri yachane kwanza, kisha mzunguke naye nyumba za wagonjwa kabla hajaitisha kikao chake cha kwanza.